Askofu si Mjomba Wako

Misheni ya Kapote,
Kasama, Zambia
9 Februari 1976

Mjomba wangu Kasimiri,

Shikamoo. Nyingine mfikishie mkaza mjomba Anastasia, na umwambie kile kitenge alichonifungia sabuni ndiyo foronya yangu sasa. Mie ni mzima. Malaria ya Krismasi imeondoka, imeniachia mvumo masikioni tu, nao unapungua. Mgongo wako je? Na milango yako inanunuliwa, au watu wa Temeke wameacha kujenga?

Uliniuliza mmisionari anashinda akifanya nini, kwa sababu jirani yako Mfaume anaamini tunakaa kivulini tukiimba. Mwambie kengele inalia saa kumi na moja alfajiri. Tunasali, tunakwenda misa, tunakunywa uji haraka haraka, na jua likianza kuwaka nipo zahanati. Kina mama wanakuja na watoto mgongoni. Nawapima watoto uzito, nawasafisha masikio, nawaambia mama zao maneno yale yale ya jana kuhusu maji ya kuchemsha. Siku nyingine napanda baiskeli kwenda vijijini na Sista Brigita, mkubwa wetu, Mwairishi mwenye mvi anayeendesha baiskeli kama anakimbia polisi. Jioni nafua, nafundisha katekisimu, nasinzia kwenye sala ya usiku. Chakula ni ugali, samaki wakavu na, msimu wao ukifika, viwavi wa kukaanga. Usikunje uso. Sisi watu wa kusini humo Temeke tunaitwa walapanya, basi hatuna wa kumcheka.

Kazi hainichoshi. Kinachonichosha ni kwamba hapa hakuna anayeamini kuwa mie ni mmisionari. Mmisionari wanamjua, ni mzungu. Mgonjwa anaingia, ananitazama, anauliza sista yuko wapi. Namwambia ni mimi. Anakwenda kukaa kwenye benchi amngoje Brigita. Majuzi mama mmoja alinikabidhi ndoo yake nimbebee, akidhani mie ni msichana wa jikoni. Nikambebea. Ningefanyaje?

Watu hawa hufuata ukoo wa mama, kama sisi kwetu Newala, kwa hiyo swali lao la kwanza halihusu dini. Wanauliza: wewe ni wa tumbo lipi, na nani alikuruhusu kuja huku? Nilipojibu kwamba ni askofu, bibi mmoja anayeitwa Bwalya alicheka mpaka akashika mbavu. "Askofu si mjomba wako," akasema.

Ndiyo maana nakuandikia. Mwakani, tarehe mbili Februari, ni zamu yangu kuweka nadhiri za daima. Hadi sasa nimekuwa na nadhiri za muda, na mtu akitaka kurudi nyumbani anarudi. Baada ya siku hiyo hakuna kurudi. Sitaolewa, sitazaa. Shirika halihitaji ruhusa ya mtu yeyote, mie ni mtu mzima. Lakini mama alipofariki ni wewe uliyenilea, na kwetu binti hutolewa na ndugu wa mama yake. Nilipoondoka Temeke hukusema lolote, uliniambia tu nisisahau sweta. Safari hii nataka neno, ndiyo au hapana. Bila neno lako sitapiga magoti mbele ya altare.

Mpwa wako,
Sesilia


Temeke Mtoni,
Dar es Salaam
28 Machi 1976

Kwako Sista Sesilia, mpwa wangu,

Marahaba mara mbili, yangu na ya Anastasia, ambaye amefurahi mno kusikia kitenge chake kimepanda cheo, sasa kinalaza kichwa cha mtawa. Sie tu wazima. Mgongo wangu unauma asubuhi na mchana unasahau. Milango inanunuliwa, ila misumari ya kuipigilia ndiyo haipatikani, kwa hiyo ninayo milango mitano imesimama uani haina pa kwenda. Sukari tulipata kilo moja kwa foleni ya nusu siku.

Tumeambiwa kila mtu wa mjini alime, basi Jumamosi nakwenda Boko na Mfaume. Unamkumbuka, sasa ndiye balozi wetu wa nyumba kumi. Tulipanda muhogo, na nguruwe pori wameufukua karibu nusu. Mfaume anadai hao ni wageni wangu kwa kuwa mie ni Mkristo. Namwambia mbona wanakula na upande wake bila kuuliza dini ya mtu.

Habari za Newala zinasikitisha kidogo. Ndugu wote wamehamishiwa kijiji kipya kilichopo barabarani. Wamepata bomba na shule, hilo jema. Ila kule kwetu kwa zamani nyumba zimebaki wazi na makaburi yamebaki peke yake, la mama yako likiwamo. Waliopita wanasema njia imeshaota majani.

Kanisani mie sasa ni mtu mkubwa. Kila Jumapili napewa mkono: hongera Mzee Kasimiri, umetutolea mmisionari, tena amepelekwa nchi za nje. Padre alinitaja hadi kwenye mahubiri. Naitikia, nacheka, nawaonyesha ile picha yako ya baiskeli.

Hao viwavi watie chumvi ya kutosha. Na huyo mama mwenye ndoo, ulifanya vizuri kumbebea, ila siku nyingine mwambie mjomba wako ana mgongo mbovu kwa ajili ya kubeba ya watu.

Kuhusu lile jambo ulilouliza mwishoni, ningeandika, ila karatasi imeniishia.

Wako,
Mjomba Kasimiri


Misheni ya Kapote
9 Mei 1976

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara kadhaa, na Sista Brigita nimemtafsiria habari za nguruwe wa Boko, amecheka. Nashukuru mu wazima. Chini ya maneno "karatasi imeniishia" palikuwa na nusu ukurasa mweupe. Nimeutazama sana huo weupe. Sitakulazimisha leo.

Huku tumefiwa. Bibi Bwalya, yule aliyenicheka, amempoteza Mutale, mwanawe wa pekee wa kike. Alifariki kwa uzazi Juma Kuu, na kichanga chake naye. Mie ndiye niliyekuwa naye. Nilifanya yote niliyofundishwa, na damu haikusikia. Brigita alipofika na gari tulikuwa tumeshamfunika. Ameacha binti mdogo wa miaka sita, anaitwa Ngosa, na tangu siku ile mtoto huyo haliachi pindo la gauni langu. Nikienda kisimani yupo, nikienda sala ananingoja nje ya kanisa.

Msiba ulipomalizika wazee walituita, mie na Brigita. Watu walikuwa wengi, na pombe, na chakula. Wakanipa jina. Sasa naitwa Mutale. Brigita amefurahi sana, anasema ni heshima kubwa, ni dalili kwamba hatimaye tumepokelewa, na ameshamwandikia mama mkuu wa shirika. Kweli tangu siku hiyo hakuna tena anayeniuliza sista yuko wapi. Wanakuja kwangu moja kwa moja, hata Brigita akiwa amesimama pale pale.

Basi hizo ndizo za huku. Mvua imekatika na asubuhi ni baridi, sweta linafanya kazi yake.

Mpwa wako,
Sesilia


Temeke Mtoni
6 Juni 1976

Sesilia,

Marahaba. Tu wazima. Muhogo uliobaki tumeuvuna. Salamu zimetosha.

Nina maswali. Walikukalisha mkekani? Walikupa maji ukanywa? Walikufunga nguo ya marehemu kiunoni?

Nauliza kwa sababu najua. Huyo mzungu wako anadhani umepewa zawadi, na simlaumu, kwao hawana hayo. Wewe ni mtoto wa Newala. Umewaona watu wakirithi jina kwetu tangu hujaota meno. Mtu akinywa maji yale amekuwa ndiye marehemu. Mama wa marehemu ni mama yake, mtoto wa marehemu ni mtoto wake, na tumbo lake ni lile. Na hakuna awezaye kuwa wa matumbo mawili kabla mjomba wake hajaketi na mjomba wa wale wengine wakazungumza. Mie niliketi na nani? Niliketi na Mfaume, Boko, tukifukuza nguruwe.

Ulitaka neno. Haya, soma nililokuwa siliandiki. Mama yangu alizaa wawili, mie na mama yako Rosalia. Wanangu ninawapenda, lakini ni wa tumbo la Anastasia, unajua. Rosalia alikuzaa wewe peke yako. Kwa hiyo tumbo lote la mama yangu lililobaki hapa duniani ni wewe. Nikisema ndiyo, nimelifunga kwa mkono wangu mwenyewe. Nikisema hapana, ni nani mie wa kumkatalia Mungu, tena nikiwa mzee wa kanisa? Jumapili wakishanipongeza nakwenda nyuma ya sakristia, nakaa huko mpaka uso urudi. Hilo hata Anastasia halijui.

Mungu nilikuwa nabishana naye polepole, na nilidhani ananivumilia. Nawe ukaenda kujitoa kwa watu wa Kasama bila kuniuliza. Sesilia, nimekasirika. Sijawahi kukukasirikia hivi hata siku uliyounguza pipa la vumbi la mbao.

Nakuja. Reli inafunguliwa rasmi mwezi ujao na Mfaume ameshanisemea tawini. Nitaleta jembe jipya na kitambaa, kama inavyotakiwa anaporudishwa mtu. Waambie wamwite mjomba wao.

Kasimiri


Misheni ya Kapote
19 Septemba 1976

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na kwamba Anastasia amezipenda karanga. Ulipanda treni ukinieleza habari za breki za Kichina, ukanipungia mkono, ukaenda. Nikajisemea utasema kwa barua. Agosti imepita, Septemba inakwisha, na sanduku la posta halina kitu.

Naandika siku ile kama nilivyoiona mie, kwa kuwa nilikuwa mkalimani wenu, na mkalimani haruhusiwi kuwa na lake. Maswali yako ya Juni sikuyajibu kwa kalamu. Niliogopa.

Uliketi na mzee Chanda, kaka yake Bibi Bwalya, jembe na kitambaa vikiwa katikati yenu. Ukasema, "Nimekuja kumchukua mtu wangu." Nikayageuza yote, sikupunguza wala kulainisha. Ni kazi ngumu kutamka "mtu wangu" mbele za watu, na mtu mwenyewe ni mie.  Mzee Chanda akasema, "Mchukue. Ni haki yako. Ila tuachie mwingine wa kukaa mkekani, maana sisi tumekwisha, tumebakiza mtoto mmoja tu."

Nilipoyageuza hayo kwa Kiswahili nilikuona ukibadilika. Ulikuja umejiandaa kubishana, Mjomba. Ulikuwa na majibu ya kila namna, ila hukujiandaa kwa mtu anayekubali.

Ukaniuliza kwa Kimakonde, ili wasisikie, "Ulijua?" Nikakuambia nilijua, na muda ule sikuweza kueleza zaidi. Nilijua kabla kibakuli hakijafika mdomoni. Brigita alikuwa pembeni yangu anatabasamu. Ningeweza kuyarudisha maji yale. Lakini Bibi Bwalya alikuwa amekishika kibakuli kwa mikono miwili, na mwanawe alikufa mikononi mwangu. Nikanywa. Sababu ni hiyo tu, sina nyingine nzuri zaidi.

Halafu Ngosa akaja akakaa mapajani kwako bila kuitwa, akaanza kuichunguza ile kucha yako iliyopigwa nyundo. Ukasema mazungumzo yaendelee kesho. Kesho yake ukasema treni haingoji. Na jembe na kitambaa uliviacha pale pale katikati. Hukusema umevitoa, hukusema umevisahau. Vimo nyumbani kwa mzee Chanda na hakuna anayethubutu kuvigusa. Jembe jipya, Mjomba, na msimu wa kulima unakuja.

Mama mkuu anataka majina ya watakaoweka nadhiri kabla ya mwaka kwisha. Nimemwambia Brigita kwamba ukisema hapana nitafunga mizigo nirudi Temeke. Hakuelewa hata kidogo. Alisema mjomba si sakramenti, halafu akalia, nami nikalia, kwa sababu ninaitaka kazi hii na ninaitaka nadhiri hii kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Sikuwahi kukuambia hivyo. Nilikuandikia kana kwamba kwangu yote ni sawa, ndiyo au hapana. Si sawa. Nikirudi nitarudi kwa kukutii, na utaniozesha kwa yeyote utakayemtaka, na sitakulaumu.

Na mtoto ananiita mama. Naitika, ila kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kwenye nyumba ya wenyewe.

Nisemee, Mjomba. Lolote.

Sesilia


Temeke Mtoni
12 Desemba 1976

Mwanangu Sesilia,

Marahaba. Karanga zilifika na zimeshaliwa. Anastasia ni mzima, anakusalimu, anauliza kama akutumie kitenge kingine. Mfaume naye anakusalimu. Agosti nilikunyamazia kweli, ila safari hii sivyo. Nilikuwa kusini.

Barua yako ilipofika niliiweka mfukoni, nikafunga karakana, nikapanda basi la Newala kabla mvua haijaziba barabara. Nililala kijiji kipya, kwa ndugu. Asubuhi nikaomba panga, nikaenda kule kwetu kwa zamani. Nyumba zimekwisha anguka. Njia niliifyeka mwenyewe, na kaburi la mama yako nililipata kwa sababu ya yale mawe tuliyoyapanga mie na wewe ulipokuwa mdogo. Nikalisafisha. Nikamwaga unga, kama wazee walivyofanya, na nikasali Baba Yetu, kama padre alivyonifundisha, ili kila mwenye haki yake aipate.

Nikazungumza naye kama tulivyokuwa tukizungumza jikoni. Nikamwambia, Rosalia, mwanao ameombwa mara mbili, ameombwa na Mungu na ameombwa na watu wa Kasama. Nikamweleza habari ya mzee Chanda. Nilikwenda Zambia nikiwa na hasira ya safari nzima, nikamkuta mzee mwenzangu analia kilio changu kwa lugha nyingine. Ningekuchukua pale, ningelijaza tumbo letu kwa kulimaliza la kwake. Na hata hivyo lisingejaa. Ungekuja Temeke, ungeolewa na mwanamume wa kunifurahisha mie, na kila siku ningekuona uso. Naujua uso wako ukiwa unatii tu. Ulikuwa nao ulipokuwa ukinywa mwarobaini.

Nikamaliza kusema, nikangoja. Usimwambie padre, lakini nilingoja jibu. Jua lilipanda, sisimizi wakala unga, na hakuna aliyesema neno. Basi nikaelewa kuwa neno ni langu mwenyewe, la mtu aliye hai, na kwamba nimekuwa nikilikimbia tangu Februari.

Mwambie mzee Chanda jembe na kitambaa vimetolewa. Avitumie. Si vya kukurudisha, ni vya kukaa pamoja. Mie nimekubali uwe wa matumbo mawili, nimesema hivyo kaburini na nasema hivyo hapa. Ila nadai changu. Kama Ngosa ni mwanao, basi mie ndiye mjomba wa mama yake, na kwangu Temeke ni kwao. Akibatizwa, muulize Bibi Bwalya kama atakubali aongezwe jina la Rosalia. Akikataa, sitagomba.

Usidhani mjomba wako amejidanganya. Najua si damu. Tumbo la mama yangu linaishia kwako, na linaniuma, na litaniuma mpaka nizikwe. Usinipoze kwa maneno ya katekisimu, nayafahamu yote. Niache niumie kama mtu.

Niliporudi Mfaume alinikuta uani nimekaa kwenye mlango ambao haujapata mwenyewe. Akauliza, "Umemtoa?" Nikamwambia nimemtoa mara mbili. Akakaa karibu yangu, akasema, "Basi pole, Kasimiri. Na hongera." Mwaka mzima huu kanisani nimepewa hongera tupu. Yeye ndiye wa kwanza kunipa vyote viwili.

Sasa sikia, na uwasomee masista kama wanataka. Mimi Kasimiri, ndugu wa mama yako, nasema ndiyo. Weka nadhiri zako. Hakuna mwingine wa kulipinga neno hili, kwa kuwa hakuna mwingine.

Usinijibu upesi, mwanangu. Niache nilie kwanza.

Mjomba wako,
Kasimiri